Kwa wanaoanza kazi ya saiba Lamu: jinsi Trojani zinavyoingia na namna ya kuzizuia

Ninyi mnaoanza kuhudumu katika saiba zetu za Lamu, iwe ni karibu na Mkunguni au ndani ya Usita wa Mui, huenda mkaiona kazi hii kuwa ya kuchapisha, kunakili na kujaza fomu basi. Ukweli ni kwamba kutwa nzima mnashika siri za watu: nywila za eCitizen, vyeti vya kuzaliwa, maombi ya mkopo wa masomo wa HELB, hati za malipo ya nyumba za wageni za Shela, na simu ambazo ndani yake mna fedha za familia nzima. Kwa sababu hiyo nimeona niwaandikie kuhusu aina moja ya programu hasidi ambayo, kwa uzoefu wangu wa kazi hii, huwaumiza wateja kuliko nyingine, nayo ni Trojani.

Kirusi cha kompyuta hujishikiza kwenye faili nyingine na kujinakili kila faili hiyo inapofunguliwa, na mnyoo hupita wenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao. Trojani haifanyi hayo. Hujionyesha kuwa kitu chema au kitu cha lazima, kisha humsubiri mwenye kifaa aifungue na kuipa ruhusa kwa mkono wake. Msidhani hata kidogo kwamba aliyenaswa ni mjinga, kwa maana Trojani iliyotengenezwa vizuri huitimiza kweli ile kazi iliyoahidi. Mnamo Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta katika nchi mbalimbali, zikiwa na programu ya maswali kuhusu hatari ya kuambukizwa UKIMWI. Maswali yalikuwapo na yalifanya kazi. Lakini baada ya kompyuta kuwashwa mara 90 hivi, programu hiyo ilivuruga majina ya faili, ikaficha folda, na kumtaka mwenye kompyuta atume dola 189 kwa sanduku la posta la Panama. Miongoni mwa waliotumiwa walikuwamo watu wa utafiti na tiba, wala si watu wa kudharauliwa.

Mbinu hiyo haijabadilika sana, na katika kaunta zetu huja namna hii. Mteja anakuletea flashi, anakuambia kuwa ndani yake mna barua ya kuajiriwa aliyotumiwa kwa barua pepe, naye anataka ichapishwe upesi. Unaifungua flashi, unaona faili iitwayo Barua_ya_Ajira.pdf, na alama yake ni ileile ya PDF unayoijua. Tatizo ni kwamba Windows, isipobadilishwa mpangilio wake, huficha herufi za mwisho za majina ya faili, kwa hiyo jina kamili, yaani Barua_ya_Ajira.pdf.exe, hulioni. Alama ile imebandikwa tu, na mtu yeyote anaweza kuibandika. Basi siku yenu ya kwanza kazini, kabla ya lolote, ingieni kwenye menyu ya View ya File Explorer katika kila kompyuta na mruhusu herufi hizo zionekane. Kisha zoeeni kutazama safu inayotaja aina ya faili: barua haiwezi kuandikwa Application. Faili zinazoishia kwa .exe, .scr, .js, .vbs au .lnk hazichapishwi, hivyo hakuna sababu ya kuzibofya, hata mteja akisisitiza namna gani. Mwelezeni kwa upole, mwiteni mzee au mama kama mnavyowaita watu wa nyumbani, na mwombeni amrudie aliyemtumia ampate kwa njia nyingine, kwa simu kwa mfano.

Jihadharini pia na faili ya zip iliyofungwa kwa nywila, huku nywila yenyewe imeandikwa ndani ya ujumbe uleule. Hufungwa hivyo ili programu ya kinga isiweze kuona kilichomo. Hati ya Word inayokutaka ubofye Enable Content ndiyo isomeke ina hatari ya namna hiyohiyo. Trojani iitwayo Emotet ilisambazwa kwa miaka mingi kwa hati za aina hiyo, mpaka mitambo yake ikatwaliwa na polisi wa nchi kadhaa kwa uratibu wa Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, mnamo Januari 2021. Microsoft yenyewe ilianza mwaka 2022 kuzuia makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya hati, katika hati zinazotoka kwenye intaneti.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Msiweke katika kompyuta za kazi programu za kulipia zilizovunjwa ulinzi wake, wala vifaa vya kuziamsha bila leseni. Maelekezo yake huanza mara nyingi kwa kukutaka uzime programu ya kinga, na mtu akishaizima, Trojani haina tena kizuizi. Zipo Trojani za wizi wa taarifa ambazo hufanya kazi kwa dakika chache tu: hukusanya nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi (cookies), yaani vijifaili ambavyo tovuti humtambulia mtu aliyekwisha kuingia, huzituma kwa mwizi, na mashine huendelea kufanya kazi kama kawaida. Vidakuzi ni vibaya zaidi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu mwenye kuvipata anaweza kuingia katika akaunti ambayo mwenyewe hajatoka bila kuulizwa nywila wala ile namba ya uthibitisho. Katika kompyuta moja ya saiba hupita watu wengi kwa siku, na wizi mmoja huwakumba wote. Kwa hiyo hudumieni wateja kwa dirisha faragha la kivinjari, lifungeni kila anapoondoka mtu, na msikubali kamwe kivinjari kihifadhi nywila ya mteja. Asiye na fedha za leseni atumie LibreOffice, ambayo ni ya bure na inatosha kwa barua na hesabu.

Upande wa simu ndio unaonipa wasiwasi zaidi. Bando ni ghali, na watu wetu wamezoea kurushiana programu kutoka simu hadi simu wakiwa barazani au ndani ya mashua. Faili ya APK, yaani faili ya kuwekea programu kwenye simu ya Android, iliyopokewa hivyo haijapita katika ukaguzi wa duka rasmi, na hakuna anayejua imebadilishwa wapi. Wengi pia wanapenda WhatsApp zilizoongezewa mapambo na watu wengine. Agosti 2021, watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza kwamba toleo 16.80.0 la FMWhatsApp lilikuwa limebeba Trojani iitwayo Triada, ambayo iliingia pamoja na moduli ya matangazo. Wenye simu walikuwa wakiandikiana kama kawaida, huku Triada ikiweza kupakua programu nyingine hasidi bila wao kujua.

Tazameni kwa makini sana ruhusa ya Ufikivu (Accessibility). Iliwekwa kwenye Android ili kuwasaidia watu wenye ulemavu, kwa mfano kuwasomea maandishi ya skrini, na ndiyo maana programu inayopewa ruhusa hiyo inaweza kusoma kila kilichoandikwa na kubofya vitufe kwa niaba ya mwenye simu. Trojani za benki huitaka mara tu zinapowekwa. Zikishaipata, hungoja programu ya fedha ifunguliwe, hufunika skrini yake kwa ukurasa bandia unaofanana nayo, na kuchukua namba ya siri. Na zikiwa na ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, huichukua na ile namba ya uthibitisho. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, simu huweka kizuizi kabla ya programu iliyotoka nje ya duka kupewa ruhusa hiyo. Tochi, kikokotoo au programu ya mikopo inayokuelekeza namna ya kuondoa kizuizi hicho iondolewe papo hapo. Duka rasmi nalo limewahi kupenyezwa, basi someni jina la mtengenezaji na ruhusa zinazoombwa hata huko.

Kuhusu kompyuta zenyewe, wateja watumie akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi, na nywila ya msimamizi ibaki kwa mwenye duka. Mashine nyingi tunazonunua ni zilizotumika. Kumbukeni kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine inayoitumia haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama. Mkitaka kuhakikisha kuwa programu ya kinga iko macho, tumieni faili ya majaribio ya EICAR, maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara yoyote, ambayo kila kinga nzuri hutakiwa kuyakamata. Faili mnayoitilia shaka mnaweza kuikagua kwenye VirusTotal, tovuti inayopitisha faili katika programu nyingi za kinga, lakini msipandishe huko hati za wateja, kwa kuwa kinachopandishwa kinaweza kuonwa na watu wengine.

Mkiona dalili, kwa mfano kinga imejizima, ukurasa wa mipangilio ya simu unajifunga kila ukijaribu kuifuta programu fulani, au ujumbe umetoka ambao mwenyewe hakuuandika, kateni intaneti kwanza. Kisha chukueni kifaa kingine kilicho safi na mbadilishe nywila ya barua pepe kabla ya nyingine zote, kwa maana ndiyo inayofungua akaunti zilizobaki, na muiondoe akaunti hiyo kwenye vifaa vyote ilimofunguliwa. Mteja aipigie benki au huduma yake ya fedha kwa namba iliyo kwenye kadi au karatasi zake rasmi. Kama ametoka Faza au Kizingitini, mkamilishieni hatua hizo kabla ya kupanda mashua, kwa sababu mwizi hatamngoja hadi kesho. Simu iwashwe katika hali salama (safe mode), ambapo programu zilizoongezwa hazifanyi kazi, programu hasidi iondolewe mamlaka ya msimamizi wa kifaa na kufutwa, na ikigoma simu irejeshwe hali ya kiwandani. Kompyuta ni bora ifutwe na kuwekwa Windows upya. Picha na hati zirudishwe kutoka kwenye nakala rudufu, programu zipakuliwe upya dukani.

Msifute ujumbe uliomnasa mteja mpaka muwe mmeupiga picha na kuandika tarehe, saa na namba iliyotumika, kwa kuwa polisi watavihitaji, na vilevile kituo cha KE-CIRT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambacho hupokea taarifa za mashambulizi ya aina hii.