Maswali ya Wasomaji: Nyuki Wangu Wamehama, Nifanye Nini?

SWALI: Ndugu Mshauri, mwaka jana nilitundika mizinga minane ya magogo kwenye miti ya miyombo, na yote ikaingiwa na nyuki. Mwezi wa Juni nilirina usiku kwa mwenge wa nyasi na kutoa masega yote. Kufikia Agosti mizinga mitano ilikuwa mitupu, na jirani anasema nimerogwa. Je, ni kweli?
Mfugaji mpya, Sikonge, Tabora

JIBU: Ndugu yetu, pole sana, lakini hujarogwa, nyuki wako wamekimbia njaa. Miyombo huchanua kwa wingi kuanzia Septemba, kabla ya mvua, na miezi inayotangulia huwa na maua machache, hivyo kundi huishi kwa akiba iliyomo ndani ya mzinga. Ukiibeba yote mwezi wa Juni, malkia na wafuasi wake hawana la kungojea. Nyuki kibarua mmoja, ambaye msimu wa kazi huishi wiki sita hivi, hutengeneza katika maisha yake yote asali isiyofikia hata robo ya kijiko cha chai, nawe umebeba jasho la maelfu yao kwa usiku mmoja.

Mwenge nao huwaunguza. Tumia bomba la moshi, kisha litazame sega moja moja kwa karibu kabla ya kulikata: vyumba vya asali iliyoiva vimezibwa kwa nta nyeupe au ya manjano hafifu, ilhali vya majana, yaani watoto wa nyuki, vina vifuniko vya kahawia. Sega la majana usilikate, kwa kuwa humo ndimo wamo vibarua wa kesho. Na sega la asali ambalo bado halijazibwa liache pia, kwa sababu maji yake hayajapungua na asali hiyo itachacha ndooni. Katika masega yaliyoiva, waachie nyuki angalau theluthi moja.

Chunguza pia mlangoni mwa mizinga. Ukikuta nyuki wengi wamekufa huku ndimi zimetoka nje, shuku dawa ya wadudu iliyopigwa shambani, na uzungumze na majirani wenye pamba au tumbaku wapulize jioni, nyuki wakiwa wamerudi. Siafu na nyegere huzuiwa kwa kuning'iniza mizinga kwa waya uliopakwa oili chafu. Linalonihuzunisha zaidi ni misitu inayokatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku, na hata sisi wafugaji tunaobambua magome ya miti mizima ili kutengeneza mizinga: mti uliobambuliwa hufa, na maua yake hufa nao.

Mizinga yako mitano ikwangue, uondoe masega makuukuu yenye viwavi wa nondo, upake nta mlangoni na kuitundika tena kivulini, karibu na maji, kabla ya Septemba.