Mwanangu, mikesha yako haihesabiwi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Urambo. Mama yako hajambo, goti tu ndilo linamsumbua asubuhi. Ujumbe wako tumeusoma wote wawili.

Umeuliza mambo mawili makubwa. Kiongozi wenu wa maombi huko Dodoma amekuambia umekuwa vuguvugu, maana mikesha ya Ijumaa inakupita ukiwa zamu ya usiku wodini, na eti ndiyo sababu ajira yako ya kudumu haitoki. Je, ni kweli? Halafu ukaongeza lile ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi: ukiacha kujihesabia mikesha na mifungo, hutalegea kabisa?

La kwanza halinichukui muda. Ajira za serikali hutoka kukiwa na kibali na bajeti. Anayesema Mungu ameizuia yako kwa sababu saa nane za usiku ulikuwa unamgeuza mgonjwa kitandani, sijui anamsoma Yesu yupi. Yule ninayemsoma mimi alimponya mtu mwenye mkono uliopooza siku ya sabato, ndani ya sinagogi, huku wanaomvizia wakimkodolea macho.

La pili lina uzito. Umekulia huku, unajua mambo yetu. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa, sadaka zinanona, na hakuna mzee wa kanisa anayeuliza fedha imepita kwenye bani la nani la kukaushia tumbaku. Lakini mzee wa watu akionekana na kiko chake, anazuiwa Meza ya Bwana. Binti akipata mimba anasimamishwa mbele ya watu atubu. Kijana aliyempa mimba yuko kwaya, anapiga gitaa. Silitaji dhehebu, maana haya nimeyaona kwa wengi. Wala sisemi kuvuta ni vizuri, kikohozi cha babu yako unakikumbuka. Ninachosema ni kwamba tukianza kupima watu kwa sheria, tunachagua zile ambazo sisi wenyewe tumeshazifaulu. Kiongozi wako hana zamu za usiku, kwa hiyo kwake kipimo cha wokovu ni mkesha.

Sasa nikusimulie habari ya John Wesley, kasisi Mwingereza. Alipokuwa chuoni Oxford yeye na wenzake walifunga kila Jumatano na Ijumaa, wakatembelea wafungwa, wakagawa siku yao kwa ratiba hadi wenzao wakawacheka. Mwaka 1735 akapanda meli kwenda Georgia, Marekani, kuwahubiria wenyeji. Baharini ikapiga dhoruba, na huyu kasisi wa mifungo akaogopa kufa. Melini humo walikuwamo Wamoraviani, Wakristo kutoka Ujerumani, wanaume kwa wanawake na watoto, nao waliendelea kuimba zaburi. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Alirudi London amevunjika moyo. Tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, akasikia ikisomwa dibaji ya Waraka kwa Warumi iliyoandikwa na Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa, na hapo ndipo alipoamini kwamba Kristo amezichukua dhambi zake yeye, John, na si za watu kwa jumla tu. (Wamoraviani hao hao ndio waliokuja kupokea kazi ya umisionari hapa Urambo mwaka 1898, kwa hiyo usidhani nakuletea habari za mbali sana.)

Angalia kilichofuata, maana swali lako liko hapo. Alilegea? Alihubiri zaidi ya miaka hamsini baada ya siku ile, akizunguka Uingereza kwa farasi, akiamka alfajiri, akiwatafuta wachimba makaa na wafungwa. Kazi hazikupungua hata kidogo, ila hakuwa tena anazifanya ili akubaliwe. Paulo anamwandikia Tito kwamba neema ya Mungu "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia". Neema inafundisha, mwanangu, na mwalimu huyo hana fimbo ya kukufukuza darasani.

Ndiyo maana nadhani unayepaswa kumsoma polepole katika Luka 15 ni yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu. Mdogo tunamhubiri kila mwaka. Mkubwa hakutoka nyumbani, hakula mali na makahaba, lakini sikiliza anavyoongea na baba yake: "Tazama, mimi nimekutumikia miaka mingapi hii." Ni maneno ya kibarua anayedai ujira, tena kibarua mwenye kinyongo. Baba hamgombezi. Anamwita mwanangu, anamwambia vyote nilivyo navyo ni vyako. Yaani yule mwana-mbuzi aliyelalamika kwamba hakuwahi kupewa alikuwa wake siku zote. Na hadithi inaishia pale nje alipokataa kuingia. Luka hatuambii kama aliingia kwenye karamu ya mdogo wake.

Umeuliza pia kama uache kutoa zaka mpaka moyo utulie. Mimi nisingeacha kutoa, ila hiyo bahasha yenye namba na jina ambayo wanakusomea hadharani isikutishe. Paulo anasema kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Mwezi mshahara wa mkataba ukichelewa, toa ulichonacho au usitoe, na usimwombe radhi mtu.

Kufunga nako, siku za zamu usifunge. Wagonjwa wanakuhitaji ukiwa na nguvu. Kiongozi wako mjibu kwa heshima, mwambie Ijumaa utakuwa wodini na utawaombea ukiwa huko, kisha usiongeze maelezo. Akizidi kukubana, yapo makanisa mengine Dodoma, tena karibu na hospitali yenu.

Mama yako anasema Jumamosi ukitoka zamu ulale kwanza, ndipo upige simu.

Ni mimi baba yako.