Chakula cha jioni kabla watoto hawajasinzia

Dada, umesema chakula kinaiva saa tatu usiku, watoto wanasinzia mezani, na asubuhi viatu havionekani. Anza na jioni. Asubuhi huharibika tangu usiku.

Kinachokula muda ni maharagwe na nyama, kwa hiyo vichemshe Jumapili. Loweka kilo moja ya maharagwe Jumamosi usiku, mwaga maji yake, weka mengine, yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, kisha punguza moto mpaka yalainike. Usiyaunge bado, yakikaa bila kiungo unaweza kubadilisha mapishi, na watoto hawatalalamika kwamba ni yale yale. Yagawe kwenye vyombo vinne vya kina kifupi, kila kimoja mlo mmoja. Hapa ndipo wengi hukosea: sufuria nzima huachwa ipoe usiku kucha, katikati inabaki vuguvugu, asubuhi imechacha. Ndani ya saa mbili yawe kwenye friji. Vyombo viwili ni vya kuliwa hadi Jumatano. Viwili vigandishe, na uviteremshe kwenye friji usiku wa kuamkia siku ya kupika. Pasha kiasi cha mlo huo tu, kitoe mvuke mpaka katikati.

Kama huna friji, acha kabisa kupika ya wiki.

Mabegi yapangwe kabla ya kula, maana mtoto aliyeshiba hanyanyuki. Sare na viatu vikae mahali pamoja, na barua za shule zisainiwe hapo hapo mezani.