Mwaka mzima na kamera chini ya Mlima Meru

Picha yangu ya kwanza ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni ya makalio ya pundamilia. Ya pili pia. Niliingia kwa lango la Ngurdoto asubuhi na orodha ya wanyama kichwani, na kila tulipomkuta mmoja nilimwambia dereva asimame, napiga, tunaondoka. Jioni nikatokea Momella na picha mia nne na ushee, na sikuona hata moja ya kumwonyesha mtu zaidi ya mama yangu, ambaye husifia kila kitu.

Nimerudi mara nyingi tangu siku ile, na kilichobadilisha picha zangu si lenzi. Niliacha kuzunguka. Nilichagua sehemu tatu tu, yaani uwanda wa Serengeti Ndogo, ukingo wa kreta ya Ngurdoto na kipande cha barabara kati ya maziwa ya Momella, nikawa narudi hapo hapo masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Hifadhi yenyewe si kubwa, barabara zake za magari unazimaliza kwa siku moja, na huo ndio mtego. Mtu anataka azimalize. Tena simba huku hakuna, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbizana.

Ukifika, mwombe dereva azime gari. Injini ikiunguruma, lenzi ndefu inatikisika hata kama mkono wako ni imara. Mimi hubeba kimfuko cha kitambaa nilichokijaza maharage, nakilaza dirishani, naegemeza lenzi juu yake. Kisha nasubiri. Dakika kumi za kwanza ngiri wanakutazama wewe. Baada ya hapo wanakusahau, wanapiga magoti na kuendelea kula majani, na hapo ndipo kazi inaanza.

Masika wengi wanaikimbia. Machi hadi Mei barabara zinateleza, na mlima unaweza kujificha siku tatu mfululizo. Mimi nikiambiwa nichague msimu mmoja tu, nachukua huo, kwa sababu ya mbega. Mbega ni mtihani: mwili mweusi ti, manyoya marefu meupe pe yanayoning'inia ubavuni kama shuka, na mkia kama usinga. Juani kamera inachanganyikiwa. Ukiokoa weupe, weusi unageuka shimo lisilo na macho. Ukiokoa weusi, manyoya yanaungua, yaani yanabaki weupe mtupu usio na nyuzi. Wingu la masika linautandaza mwanga msituni, tofauti hiyo inapungua, na uso wa mnyama unaonekana. Hata hivyo punguza mwanga kwa stopu moja hivi, yaani nusu yake, na upige RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kwani kivuli utakifufua kwenye kompyuta, lakini weupe ulioungua haurudi. Na ukimwona mbega mchanga, usimwache upesi. Huzaliwa mweupe mwili mzima, na mama akimkumbatia kifuani huwezi kukosea mahali pa kulenga.

Masika ndiyo iliyoniulia lenzi. Nilinyeshewa, nikaifuta kamera juujuu kwa khanga, nikaitia kwenye begi, nikafunga zipu, nikaisahau wiki nzima. Miezi michache baadaye nikaona nyuzi kama utando wa buibui, tena ndani ya kioo, kusikofikiwa na kitambaa. Kuvu. Fundi alinitazama kwa huruma. Siku hizi nikifika nyumbani natoa kila kitu kwenye begi, nakipunga hewani, kisha nakifungia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usivitupe.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ni baridi na ukungu. Mbega wale wale waliojificha ndani ya msitu wakati wa mvua sasa wanapanda juu kabisa ya miti asubuhi na kuota jua, kifua wazi, kama wazee barazani. Twiga wanakuja kwenye ukungu mmoja mmoja, shingo kwanza. Hapa kamera inakudanganya kinyume cha kule kwa mbega: inauona weupe wa ukungu, inadhani mwanga umezidi, inatoa picha ya kijivu chafu. Ongeza mwanga kidogo. Na usimvute twiga hadi ajaze fremu. Mwache awe mdogo katikati ya ule weupe. Mimi ilinichukua misimu miwili kukubali kwamba nafasi tupu nayo ni picha.

Vuli sina mengi ya kusema, hunipita haraka. Majani mapya, mawingu ya mchana yanayojengeka kama ngome, na mvua ikikatika ghafla hewa inakuwa safi. Kaa tayari.

Januari na Februari jua ni kali. Kwa wanyama, saa nne asubuhi kamera yangu imeshalala. Lakini huo ni wakati wa kuyaangalia maziwa kutoka juu. Maziwa ya Momella yana magadi na hulishwa zaidi na maji ya chini ya ardhi. Madini yake hayalingani, mwani nao haulingani, kwa hiyo rangi hutofautiana kutoka ziwa hadi ziwa: hili kijani, lile la jirani karibu buluu. Heroe huja na kuondoka wanavyopenda. Leo maelfu, mwezi ujao wachache. Usipange safari nzima kwa ajili yao.

Kuna kitu kimoja kuhusu mwanga wa Momella ambacho natamani ningeambiwa mapema. Meru iko magharibi yako, na kreta yake ilibomoka upande wa mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linaingia moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa mwamba. Jioni mlima huo huo unakuwa kivuli kitupu, na unalimeza jua mapema kuliko kalenda inavyosema. Kilimanjaro ni kinyume chake, iko mashariki, inapakwa rangi na jua la jioni kama mawingu yakiiruhusu. Basi Meru asubuhi, Kilimanjaro jioni. Nilifanya kinyume mwaka mzima.

Kwa miguu huendi peke yako. Unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo. Siku moja, njia ya kwenda maporomoko ya Tululusia, dume la nyati lilikuwa limelala pembeni na mimi nikapiga goti nipate picha ya chini. Askari akaninong'oneza, "Dada, shusha mashine hiyo. Akiinua kichwa namna hiyo, amekuona siku nyingi." Tukarudi nyuma taratibu. Picha ninayo, haina fokasi. Kaa nyuma ya askari, tumia lenzi ya milimita 300 au zaidi, na flashi iache nyumbani. Droni pia, kama huna kibali.

Ukipanda mlimani, kibanda cha Miriakamba kiko mita 2,514 na cha Saddle mita 3,570, na usiku wa Saddle baridi inazimaliza betri kabla hujapiga kitu. Nalala nazo ndani ya begi la kulalia, kwenye soksi. Ukishuka tena kwenye joto la msituni, usiitoe kamera mara moja: kioo kitajaa umande. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la hapo.

Kule juu kileleni, mita 4,562, wote tunaitaka picha moja, jua likichomoza nyuma ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Juni linatokea kushoto kwa Kibo, kama mwanzoni mwa Mei na mwanzoni mwa Agosti linakaribia kabisa kilele, na Desemba linakuwa mbali sana kulia. Mimi nilipanda Desemba. Nilikuwa nimetegesha stendi tangu gizani, vidole vimekufa ganzi, lenzi imeelekezwa Kibo, na jua likanichomozea begani.