Piza ya kujichagulia mwenyewe: kwa nini yako ilitoka imelowa katikati

Mkuu, nimeona wengi wanakushauri uhame mgahawa. Mimi nasema usihame kwanza. Ulieleza kwamba ulienda na wenzako wa kazini kwenye mgahawa wa piza ambao mteja anapita mbele ya kaunta akichagua mwenyewe sosi, jibini na vitu vya kuweka juu, bei ni ile ile uweke vitatu au uweke kumi. Ukaweka karibu kila kilichokuwepo: sosi ya nyanya mara mbili, jibini mbichi ya mozzarella, uyoga, vipande vya nyanya, hoho, nanasi, spinachi na kuku. Piza ikatoka imelowa, kila kipande ukikinyanyua kinalegea na kumwaga mzigo wake sahanini, wakati mwenzako wa pembeni aliyeweka vitu viwili tu alikula piza kavu yenye ukingo mkavu unaovunjika vizuri. Ukauliza kosa ni la oveni, la mpishi au la nani, na kama inafaa kumpeleka mkeo asiyekula ngano pamoja na watoto Jumamosi.

Nimefanya kazi nyuma ya kaunta ya aina hiyo kwa miaka kadhaa, nikaanzia kwenye kukanda unga na kuishia kusimama mbele ya oveni, na mpaka leo nakula huko mara kwa mara kwa sababu naipenda piza ya namna hiyo. Kwa hiyo nivumilie, jibu langu ni refu.

Kilichoiharibu piza yako ni maji. Oveni yao pengine ni nzima na mpishi pengine anaijua kazi yake.

Unga wa piza unaiva kwa kukauka na kupata rangi. Ile rangi ya kahawia na harufu inayokufanya umeze mate huanza kuja vizuri pale uso wa unga unapofika nyuzijoto 140 hivi za Selsiasi na kupanda. Maji yanachemka kwenye 100. Mahali popote palipo na maji mengi, joto linakwama kwenye hiyo 100 mpaka maji yageuke mvuke yaishe, ndipo unga uanze kukauka. Sasa tazama ulichoweka. Uyoga mbichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Nyanya ni maji kwa asilimia 94 hivi, spinachi haiko mbali na hapo, nanasi ni asilimia 86. Ongeza sosi maradufu na jibini mbichi. Oveni ilitumia muda wake wote kuchemsha mboga zako, na unga uliokuwa chini ukabaki unapikwa kwa mvuke.

Na muda wenyewe ni mfupi. Napoli, Italia, nyumbani kwa piza, kanuni za chama cha Associazione Verace Pizza Napoletana kilichoanzishwa mwaka 1984 zinataka piza iive kwa sekunde 60 hadi 90 ndani ya tanuri lenye moto mkali mno. Ndiyo maana piza ya Napoli ya asili haibebi vitu vingi: nyanya, mozzarella, mafuta ya zeituni, majani machache ya mrihani, basi. Hii migahawa ya kujichagulia, iliyoshika kasi Marekani kuanzia MOD Pizza ya Seattle mwaka 2008, kisha Pieology na Blaze Pizza za California mwaka 2011, ilichukua wazo hilo hilo la moto mkali na muda mfupi ili foleni isisimame. Piza inakaa ndani dakika mbili, tatu, labda nne. Wewe ukaipa mzigo wa piza ya kuoka polepole.

Najua hoja inayokuja: bei ni moja, kwa nini niache vya bure? Sikia nikwambie jinsi mkono wa mhudumu unavyofanya kazi. Kule nilikokuwa tulifundishwa hivi: kadiri mteja anavyotaja vitu vingi, ndivyo unavyochota kidogo kidogo. Mteja wa vitu viwili anapata kuku wa kushiba macho. Mteja wa vitu tisa anapata vipande vya kuku vya kuhesabu, na hafahamu kwa sababu macho yake yamejaa rangi za kila aina. Wazee walishasema, mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Kama unataka thamani ya hela yako, taja vichache, kisha omba kile unachokipenda kiongezwe. Sehemu nyingi wanaongeza bila neno.

Mimi ninavyochagua: nakuwa na kitu kimoja kinachoongoza, nacho ndicho pekee ninachoruhusu kiwe na maji mengi. Nikitaka uyoga, basi siku hiyo ni ya uyoga. Naacha sosi ya nyanya kabisa, naomba chini kupakwe mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, juu jibini ya kawaida iliyokunwa, uyoga uliokatwa mwembamba na vitunguu. Nikitaka nyanya mbichi, sosi naiomba kidogo sana. Kinachofuata baada ya kiongozi ni kitu chenye chumvi, kwa mfano peperoni (ile soseji kavu ya vipande vya duara) au zeituni. Cha tatu, kama kipo, ni cha kuchangamsha ulimi: pilipili, au vitunguu vyekundu. Hapo naacha. Hata nanasi, ambalo watu wanaligombania bure, lina nafasi yake. Sam Panopoulos, yule aliyeanza kuliweka kwenye piza katika mgahawa wake huko Ontario, Kanada, mwaka 1962, aliliweka pamoja na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, na utamu unakaa sawa kwa sababu ya hiyo chumvi. Kama huli nguruwe, zeituni zinafanya kazi hiyo vizuri tu. Mwambie mhudumu alikamue nanasi kidogo kabla ya kulitandaza. Ombi hilo halimuudhi mtu.

Jibini nalo liangalie. Kwenye kaunta nyingi mozzarella ni za aina mbili. Ile iliyokunwa, ya rangi ya maziwa yaliyoanza kupata unjano, imetengenezwa ipunguzwe maji. Ile nyeupe pee ya madonge, inayokaa kwenye maji yake, ndiyo mbichi, na ndiyo uliyochagua. Ni tamu mno, siipingi, ila inataka piza yenye karibu hakuna kitu kingine, na vipande vyake vikaushwe kwanza kwa karatasi ya jikoni. Ukiona wanavitoa kwenye bakuli vinachuruzika moja kwa moja hadi kwenye unga, chagua ile iliyokunwa.

Sasa mhudumu. Watu wengi hupita pale kaunta wakitazama vitu, mimi natazama mkono. Mkono wa binadamu akirusha vitu kwenye duara unaangukia katikati, na katikati ndipo panapochelewa kuiva kuliko pote. Ikifika saa ya foleni ndefu inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu hakuna muda wa kutandaza. Kwa hiyo sema mapema, kabla hajachota: "Dada, naomba katikati uweke kidogo, vingine visogee pembeni, na ukingo uache wazi." Hatakasirika. Mteja anayesema mapema ni nafuu kuliko anayerudisha piza. Neno la pili mwambie yule wa kwenye oveni: naomba iive zaidi kidogo. Atakachofanya ni kuiacha ndani kidogo zaidi ya kawaida, kisha anaingiza beleshi lake chini, anainyanyua upande mmoja na kuchungulia tumbo la piza. Chini kukiwa kweupe na kunang'aa, anairudisha. Kukiwa kumetapakaa madoa ya kahawia, mengine yamekaribia weusi, na piza inateleza juu ya beleshi bila kujikunja, hiyo imekubali. Mimi nilikuwa naisikiliza pia pale kisu cha gurudumu kinapopita. Iliyoiva inatoa sauti kavu ya kuvunjika ukingoni. Iliyolowa haitoi sauti yoyote, kisu kinazama tu.

Kuna mama mmoja mtu mzima alikuwa anakuja na mjukuu wake. Mtoto anachagua mwenyewe kwa kidole, yeye hachagui kitu. Ananiambia, "Mwanangu, niwekee kama unavyojiwekea wewe mwenyewe." Basi namtengenezea ile ya uyoga na kitunguu saumu. Nakwambia kwa moyo mweupe, hakuna mteja niliyemfanyia kazi kwa uangalifu kama yule mama. Nilikuwa namchagulia donge la unga lililoumuka vizuri, namtandazia taratibu hata foleni ikiwa ndefu. Siku umechoka kufikiri, tumia maneno yake. Wanaofanya kazi pale wanakula pale, na wanajua ni sosi ipi imetengenezwa asubuhi ya leo.

Halafu si kila kitu kinaingia motoni. Majani ya mrihani yakipita kwenye oveni yanakuwa meusi na harufu yake inapotea, yaombe piza ikishatoka. Vivyo hivyo majani mabichi ya saladi, sosi kali ya kumwagia na ile jibini ngumu ya kukunwa juu kama parmesan. Spinachi yako ingeweza kuwekwa mwishoni kabisa, ikanyauka kwa joto la piza yenyewe bila kutoa maji. Kuhusu unga mwembamba na mnene, fuata unachopenda, ila mnene usiulundikie vitu, kwa sababu wenyewe tayari una safari ndefu ya kuiva.

Nije kwa shemeji. Hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ni afya. Kama haendi na ngano kwa kuwa tu inamjaza tumbo, ile piza yao ya unga usio na gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, itamfaa, mpeleke bila wasiwasi. Lakini kama daktari amempima na kumkuta na ugonjwa wa siliaki, ule ambao gluteni hata kidogo inaumiza utumbo, habari ni nyingine. Kiwango kinachotambulika kimataifa ili chakula kiitwe hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja ya chakula, na hicho ni kidogo mno ukilinganisha na kinachoendelea pale. Unga wa ngano unaruka hewani siku nzima. Vyombo vya vitu vya juu vinachotwa kwa mikono ile ile iliyotoka kushika unga. Beleshi ni moja, sakafu ya oveni ni moja, kisu ni kimoja. Hata ule unga wake ukiwa salama kabisa kwenye pakiti, ukishapita njia hiyo umeshachafuka. Mimi nilipokuwa kazini, mteja akiniambia ana siliaki nilikuwa namweleza ukweli huu, aamue mwenyewe, na wengi waliishia kula saladi iliyotengenezwa upya ndani.

Ipo migahawa inayojitahidi kweli. Wana sufuria pana ya peke yake ya kuokea ili piza isiguse sakafu ya oveni, kisu cha peke yake, na vyombo vipya vya jibini na sosi vinavyofunguliwa kutoka jokofuni. Piga simu kabla hujaenda uulize hayo moja moja. Ukijibiwa "usijali, tunabadilisha glavu", glavu peke yake hazitoshi. Na mkienda, nendeni saa ambayo hakuna foleni, maana mtu mwenye watu thelathini mbele yake hawezi kuosha kaunta kwa ajili ya mmoja hata akitaka.

Watoto ndio rahisi. Waache wachague, hiyo ndiyo raha yao, lakini wape idadi: kila mmoja vitu viwili. Usiwanunulie zile ndogo za watoto kwa kudhani unaokoa. Piza ya kawaida kwenye migahawa hii ni inchi 11 hivi, yaani sentimita 28, na ya mtoto mara nyingi ni inchi 6. Kwa macho ndogo inaonekana kama nusu ya kubwa, lakini ukipiga hesabu ya eneo haifiki hata theluthi moja. Watoto wawili wakigawana kubwa moja wanakula zaidi ya wakiwa na ndogo mbili, na wanaweza kuigawa kila mmoja na upande wake. Mwambie mhudumu tangu mwanzo kwamba ni nusu kwa nusu, kabla hajapaka sosi, kwa sababu sosi nayo inaweza kutofautiana.

Mwisho, kuleni hapo hapo ikiwa ya moto. Ukiifunga kwenye boksi na kufunika, mvuke unarudi chini na kile ulichopigania kote kinalowa ndani ya dakika chache. Mkilazimika kubeba, acha mfuniko wazi kidogo njiani. Vikibaki vipande, kesho yake viweke kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka chini pakauke, ndipo ufunike kwa muda mfupi jibini iyeyuke. Maikrowevu itavirudisha kwenye hali ile ile iliyokuleta humu kuuliza.