Jibu: Kuhamishia kerneli yako chini ya Xen, na mahali kazi ilipo hasa

Ndugu, umeeleza kwamba kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) uliyoiandika mwenyewe inawaka vizuri kwenye kompyuta halisi ya x86 ya biti 64, kwamba sasa unataka iendeshwe kama mgeni juu ya Xen, ambayo ni haipavaiza (programu inayogawa mashine moja kwa mifumo kadhaa), kwa kufuata mfano wa Mini-OS, kerneli ndogo ya mfano ya mradi wa Xen, na ukauliza kama inatosha kutafuta kila amri ya mamlaka (inayoruhusiwa kwa kerneli pekee) ndani ya msimbo wako na kuweka wito wa haipavaiza mahali pake. Nimeshiriki kazi kama hiyo kwenye kerneli ndogo ya kufundishia, kwanza kwa njia ya zamani ya Xen (PV, ambapo kerneli hubadilishwa ili ishirikiane na haipavaiza) na baadaye kwa njia mpya (inayotumia msaada wa maunzi), kwa hiyo ninajibu kutokana na niliyoyaona huko. Haitoshi. Amri zenyewe ndizo sehemu nyepesi, kwa sababu unaweza kuzitafuta kwa majina. Kinachokula muda ni dhana ambazo kerneli imezibeba bila kuziandika popote: kwamba namba za kurasa za kumbukumbu ni zake peke yake, kwamba prosesa haiwezi kuondolewa katikati ya kazi, na kwamba saa inakwenda sawa na kazi inavyokwenda.

Tuanze na amri ili tuzimalize. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza sharti ambalo prosesa ikilitimiza, haipavaiza inaweza kujengwa juu yake bila taabu: kila amri inayogusa au kufichua hali ya mashine ni lazima inaswe, yaani isimamishwe na kukabidhiwa haipavaiza, inapotolewa na programu isiyo na mamlaka. Prosesa za x86 za wakati ule haipavaiza za kwanza za x86 zilipoandikwa hazikulitimiza. Mfano ulio wazi ni POPF, amri inayorudisha bendera za prosesa kutoka kwenye staki: kerneli iliyoshushwa kwenye ngazi ya chini ya ulinzi ikijaribu kubadilisha bendera ya makatizo kwa amri hiyo, hakuna hitilafu inayotokea, bendera haibadiliki, na utekelezaji unaendelea kana kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Ndiyo maana waandishi wa Xen, katika makala yao ya mwaka 2003, walichagua kuibadilisha kerneli ya mgeni badala ya kuidanganya, na mabadiliko waliyoyafanya kwenye Linux yalikuwa takriban mistari 3,000 tu. Kwa njia hiyo, kwenye biti 64 kerneli yako itaendeshwa kwenye ngazi ya 3, ile ile ya programu za kawaida, kwa hiyo hata kurudi kwa programu ya mtumiaji baada ya wito wa mfumo kunapitia kwa Xen. Zingatia pia CPUID, amri inayoiuliza prosesa sifa zake, ambayo kwa kawaida hainaswi: ukitaka jibu la Xen badala ya jibu la prosesa, tanguliza baiti tano, 0f 0b 78 65 6e, yaani amri ya UD2 ikifuatwa na herufi za jina xen, na ndipo uandike CPUID yenyewe.

Sasa kumbukumbu. Kwenye kompyuta halisi, fremu zako (vipande vya kumbukumbu halisi vyenye ukubwa wa ukurasa) zinakwenda kwa mfululizo wenye mapengo machache yanayojulikana. Kwenye njia ya zamani ya Xen, fremu ulizopewa zimetawanyika popote ndani ya mashine, na kila ukurasa una namba mbili: namba ya kubuni, inayoanzia sifuri na kwenda mfululizo, ambayo kerneli huitumia katika hesabu zake, na namba ya mashine, ambayo ndiyo inayoandikwa ndani ya jedwali la kurasa, ambalo prosesa hulitumia kugeuza anwani pepe kuwa halisi. Jedwali la kugeuza ya kwanza kuwa ya pili unaelekezwa lilipo na ukurasa wa taarifa za kuanzia, ambao anwani yake imewekwa kwenye rejista ya RSI kerneli inapoanza. Jedwali la kinyume chake hulitunza Xen, na wageni hulisoma tu.

Watu wengi hukagua mahali wanapoandika kiingizo cha jedwali la kurasa, wakaweka ugeuzaji hapo, wakadhani wamemaliza. Upande unaosahaulika ni wa kusoma. Kila mahali ambapo msimbo wako unasoma kiingizo, unafuta biti za chini, kisha unaongeza kianzio cha ramani ya moja kwa moja (eneo la anwani pepe ambamo kerneli imeunganisha kumbukumbu yake yote) ili kupata kielekezi cha jedwali linalofuata, hapo umeshika namba ya mashine huku ukiitendea kama namba ya kubuni. Ushauri wangu ni kutengeneza aina mbili tofauti katika lugha unayoitumia, moja kwa kila namba, hata kama ndani yake kila moja ni namba ya biti 64 tu, ili kompaila ikatae kuzichanganya. Huo ni usumbufu wa mwanzoni unaolipa mara nyingi baadaye.

Kuna sheria ya pili inayobana zaidi. Xen hairuhusu fremu moja iwe jedwali la kurasa na wakati huo huo iwe ukurasa unaoandikika, kwa sababu mgeni anayeweza kuandika jedwali lake mwenyewe anaweza kujipatia kumbukumbu ya mgeni mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuutumia ukurasa kama jedwali, ni lazima kila ramani yake iwe ya kusoma tu, pamoja na ile iliyomo kwenye ramani yako ya moja kwa moja, ambayo ndiyo watu huisahau. Kisha unamwomba Xen aubane kwa aina ya jedwali husika, naye ataukagua wote kabla ya kukubali. Kwenye kuuachia unarudi kinyume nyume: unaondoa ubanaji, unaufanya uandikike tena, halafu ndipo unaurudisha kwenye hifadhi ya kurasa huru. Mpangilio huo ukivurugika, kosa halionekani pale lilipotendeka. Katika kerneli yetu lilijitokeza ndani ya kitanzi cha kusafisha staki ya programu mpya: ukurasa ulitolewa na hifadhi ukiwa bado ni wa kusoma tu, na kitanzi kikagonga mwamba kwenye baiti yake ya kwanza, mbali kabisa na msimbo wa kuua programu uliourudisha ukurasa huo mapema mno. Ukiona hitilafu ya ukurasa kwenye anwani ambayo una hakika imeunganishwa, soma kiingizo chake na utazame biti ya kuandika kabla ya kutilia shaka jambo jingine lolote.

Mambo mawili zaidi kuhusu kumbukumbu. La kwanza, Xen hujitengea nafasi 16 za jedwali la juu kabisa, kuanzia anwani 0xffff800000000000, ambazo ni sawa na TB 8 za anwani pepe. Kerneli nyingi za kujifunzia huweka ramani yao ya moja kwa moja papo hapo, kwa sababu ndipo nusu ya juu inapoanzia. Ihamishe yako ianzie 0xffff880000000000 au juu zaidi. La pili, kila badiliko la jedwali likitumwa peke yake ni safari nzima ya kwenda kwa Xen na kurudi. Wito wa kubadilisha majedwali unapokea orodha ya jozi za maneno ya biti 64, kwa hiyo yakusanye mabadiliko na uyatume kwa pamoja, hasa unaponakili nafasi ya anwani ya programu nzima.

Makatizo yana mtego ambao ningependa uufahamu kabla haujakukuta. Kuzima makatizo sasa ni kuandika 1 kwenye baiti moja ya kumbukumbu mnayoshirikiana na Xen, na kila prosesa pepe ina baiti yake. Kuyawasha si kuandika 0 tu: ni lazima uandike 0, uizuie kompaila isipange upya hatua hizo, kisha uangalie baiti ya pili inayosema kama kuna tukio linalosubiri, na kama lipo uiite haipavaiza ili likufikie. Zito zaidi ni kulala. Kwenye kompyuta halisi unatumia STI (kuwasha makatizo) ikifuatwa mara moja na HLT (kulala), na prosesa inakuhakikishia kwamba katizo haliwezi kupenya katikati ya amri hizo mbili. Ukiandika sifuri kwenye baiti yako halafu ukaomba kulala kwa hatua mbili zilizotengana, uhakikisho huo umepotea: tukio linaweza kuingia katikati, likashughulikiwa, na kerneli ikalala huku kazi iliyoletwa na tukio hilo ikiwa bado haijafanywa. Wito wa Xen wa kulala umetengenezwa kwa ajili ya jambo hili hasa. Unauita makatizo yakiwa bado yamezimwa, nao unayawasha na kuangalia yanayosubiri kwa tendo moja lisilogawanyika. Ukikosea hapa kerneli haianguki. Inakuwa nzito tu, kwa sababu kitu kinachoiamsha ni kipima muda kinachofuata, nawe utaona pakiti za mtandao zikijibiwa kwa ucheleweshaji unaolingana na vipindi vya saa yako. Ulinganifu huo ndio dalili.

Kuhusu saa, acha kupima kasi ya prosesa kwa kitanzi kinachohesabu mapigo ya kipima muda, maana prosesa inaweza kuchukuliwa na mgeni mwingine katikati ya kipimo. Soma kumbukumbu ya saa ambayo Xen anaiandika kwa kila prosesa pepe: ina thamani ya TSC (kihesabu cha mapigo ndani ya prosesa) ya wakati wa kuandikwa, nanosekunde za mfumo za wakati huo huo, kizidishi, na idadi ya biti za kusogeza. Ina pia namba ya toleo, ambayo ikiwa witiri maana yake uandishi unaendelea. Kwa hiyo soma toleo, soma mengine, soma toleo tena, na urudie kama limebadilika au ni witiri. KVM, haipavaiza ya Linux, hutumia muundo huo huo, hivyo kazi hii utaifaidi mara mbili. Kama una prosesa pepe zaidi ya moja na kufuli zako hugawa namba za foleni, fahamu kwamba aliyeshika kufuli anaweza kuondolewa kwenye prosesa, na walio nyuma yake wakazunguka bure mpaka arudi. Waruhusu walale baada ya kuzunguka kwa muda.

Hapa utaniuliza kama kuna haja ya taabu yote ya majedwali ya kurasa, na kwa maoni yangu, kwa kerneli mpya, haipo. Intel ilileta msaada wa VT-x (uwezo wa maunzi wa kuendesha wageni) kwenye prosesa zake mwaka 2005, AMD ikafuata mwaka 2006, na baadaye zikaongezwa ngazi za pili za majedwali ya kurasa ndani ya maunzi, ambapo mgeni hutunza majedwali yake kwa uhuru na prosesa hufanya ugeuzaji wa mwisho. Gharama yake ni kwamba jedwali la ngazi nne juu ya jingine la ngazi nne linaweza kuhitaji kusoma kumbukumbu mara 24 pale anwani isipopatikana kwenye kashe ya ugeuzaji, lakini kwa kazi nyingi ni nafuu kuliko miito. Usalama pia unaelekeza huko: udhaifu wa Meltdown uliotangazwa Januari 2018 uliwawezesha wageni wa biti 64 wa njia ya zamani kusoma kumbukumbu ya Xen yenyewe, ilhali wageni wanaotumia msaada wa maunzi hawakuweza. Njia mpya, iitwayo PVH, inachukua faida hiyo bila kukulazimisha kuigiza vifaa vya kompyuta ya kale. Unaweka alama moja ndani ya faili la kerneli yako (la muundo wa ELF) inayotaja anwani ya kuanzia. Unaanza kwenye hali ya biti 32 bila kurasa kuwashwa. Rejista ya EBX inaelekeza kwenye muundo wa taarifa ambao neno lake la kwanza ni 0x336ec578. QEMU, kiigizaji cha mashine, nayo inaielewa alama hiyo hiyo, kwa hiyo faili moja litawaka chini ya Xen na chini ya KVM.

PVH itakuondolea namba mbili za kurasa, ubanaji, na mtego wa kulala, kwa kuwa STI na HLT zinarudi kufanya kazi yake ya kawaida. Haitakuondolea suala la saa wala la kufuli, na haitakuondolea vizuizi vya kumbukumbu (amri zinazolinda mpangilio wa kusoma na kuandika), ambavyo nataka kuvitaja kwa sababu ya draiva. Iwe unatumia virtio (kiwango cha vifaa pepe) au chaneli za Xen zenyewe, unaandika ombi kwenye pete mnayoshirikiana, halafu unasogeza kihesabu kinachomwambia mwenzako kwamba ombi lipo. Mwenzako anaendeshwa kwenye prosesa nyingine, hata kama mgeni wako ana prosesa pepe moja tu. Kama umeiandaa kerneli yako kwa prosesa moja na ukafuta vizuizi vya kumbukumbu kwa kuwa havikuhitajika, virudishe kwenye draiva hizi: kimoja kati ya ombi na kihesabu, na kingine kati ya kihesabu na kuangalia kama mwenzako anahitaji kuamshwa.

Ningeanza hivi. Pata kwanza njia ya kuandika herufi moja, kwa wito wa konsoli ya Xen au kwa mlango 0xe9 wa QEMU, kabla ya kugusa chochote kingine. Kisha weka jedwali la hitilafu na ugawanye namba kwa sifuri kwa makusudi, uone kama unaipokea hitilafu hiyo na rejista zikiwa na thamani ulizozitarajia. Baada ya hapo saa, halafu programu moja ya mtumiaji inayozaliwa na kufa mara nyingi mfululizo, maana kuzaliwa na kufa ndiko kunakofichua makosa ya kurasa. Diski na mtandao viwe vya mwisho. Kama utaendelea na njia ya zamani hata hivyo, washa Xen kwa guest_loglvl=all na usome xl dmesg kila wito unapokataliwa, kwa sababu mara nyingi sababu imeandikwa humo pamoja na namba ya fremu. Ukikwama, weka hapa mistari hiyo pamoja na msimbo wako wa kutenga na kuachia majedwali ya kurasa, nami nitausoma.