Muulize Fundi Rangi: Jiji la tepu, miguu juu kichwa chini

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Ujerumani. Juzi wifi yangu alinipeleka kwenye jumba la sanaa la K20 hapa Düsseldorf, tukakuta mchoro wa Mholanzi mmoja, Piet Mondrian, unaitwa New York City I. Hakuna nyumba, hakuna gari, hakuna mtu. Ni mistari ya njano, nyekundu, buluu na nyeusi imekatizana, basi. Wifi akaniambia eti umetundikwa kichwa chini miaka nenda rudi, na wenyewe wanajua ila wameuacha hivyo hivyo. Sasa fundi, kama wataalamu hawakujua juu ni wapi, mimi nikiambiwa hilo ni jiji niitikie tu? Au tunachezewa akili?
Msomaji, Düsseldorf

JIBU: Marahaba mwanangu. Wifi yako hajakudanganya.

Mondrian alifika New York Oktoba 1940 akikimbia mabomu ya London, mzee wa miaka 68. Mchoro huo aliuanza 1941, akafariki Februari 1944 hajaumaliza wala hajautia sahihi. Mwaka uliofuata ukaonyeshwa kwenye jumba la sanaa la Museum of Modern Art kulekule New York, na jinsi ulivyotundikwa siku hiyo ndivyo ulivyoendelea kutundikwa. Ilipofika 2022, Susanne Meyer-Büser, msimamizi wa maonyesho hapo K20, akaitazama vizuri picha ya studio ya marehemu iliyopigwa 1944: mchoro umesimama kwenye stendi, lakini umegeuka! Halafu uko ndugu yake uliokamilika kwa rangi ya mafuta, upo Paris, na huo mistari yake imebanana upande wa juu. Wa Düsseldorf imebanana chini.

Kwa nini hawaugeuzi? Hapo ndipo mimi mchora mabango nilipocheka peke yangu, maana sababu ni tepu. Mistari uliyoiona haikupakwa kwa brashi, ni tepu za karatasi za rangi zilizobandikwa juu ya kanvasi. Mzee alikuwa akibandika, anarudi nyuma kutazama, anabandua, anasogeza kidogo, anabandika tena, ndipo baadaye apake rangi. Nasi kwenye mbao za maduka tunafanya hivyohivyo: unabandika mstari, unavuka barabara kuuangalia ukiwa mbali, unarudi kuusogeza upana wa kidole. Kwa hiyo ulichokiona ni kazi ikiwa bado mezani kwa fundi. Sasa gundi ya miaka 80 imekauka, tepu zimelegea. Ukiugeuza leo, uzito utazivuta upande ambao hazijauzoea, na utaziokota sakafuni. Wameamua afadhali upotoke kuliko uharibike. Nakubaliana nao, ingawa ningeweka pembeni picha yake iliyogeuzwa sawasawa, watu wajionee.

Kuhusu jiji, niko nawe nusu njia. Wapo wanaosema mistari ile ni mitaa ya Manhattan, kitovu cha New York, iliyopimwa kwa rula tangu mpango wa mji wa 1811. Inapendeza kusikia, lakini Mondrian alikuwa na mistari iliyonyooka tangu akiwa Paris miaka ya 1920, Manhattan hajaiona kwa macho. Kilichobadilika New York ni rangi nyeusi. Paris mistari ilikuwa myeusi, imezishika rangi kama fremu inavyoshika vioo vya dirisha. New York rangi zenyewe zikawa mistari, mmoja unapita juu ya mwenzake, mbele unapita chini. Katika mchoro wake Broadway Boogie Woogie wa 1942 hadi 1943, sentimita 127 kila upande, rangi nyeusi imetoweka kabisa: mistari ya njano imekatwakatwa na vijiraba vyekundu, vya buluu na vya kijivu, jicho halipati pa kutulia. Mzee alikuwa mpenzi mkubwa wa boogie-woogie, muziki wa piano wenye mdundo wa kasi. Basi usitafute ghorofa pale, hakuliweka. Aliweka msongamano na mwendo.

Ukirudi, upige picha kwa simu uigeuze. Utaona uzito unahamia juu na sehemu ya chini inapata nafasi. Ukishaona hilo, usikubali mtu akwambie hujui kutazama michoro.

SWALI: Fundi, nafundisha shule ya msingi Mwanza. Watoto wamechora mji kwa miraba wakitumia tepu ya karatasi, lakini rangi inapenya chini na kingo zinatoka na madoadoa. Tufanyeje?
Mwalimu, Mwanza

JIBU: Mwalimu, sugua ukingo wa tepu kwa mgongo wa kijiko ushike vizuri. Kisha pitisha juu ya ukingo huo rangi ileile iliyoko chini, kama karatasi ni nyeupe paka nyeupe, iache ikauke. Hiyo ndiyo itakayopenya kuziba mianya, na haitaonekana. Ndipo upake rangi mpya, nyepesi, usiimwage. Bandua ikiwa bado mbichi, ukiikunja tepu nyuma taratibu, wala usiivute kwenda juu. Na msiiache ilale hadi kesho yake, itaondoka na karatasi.